Mkopo wa Lori na Dhamana ya Serikali: Habari za Marekani

Wakulima wenzangu, katika kijitabu hiki cha kutimiza miaka kumi mtasoma mengi juu ya mizani, maghala na bei za mazao. Mimi naomba nizungumze juu ya lori, kwa maana mazao mema hukaa bure ghalani yakikosa chombo cha kuyachukua. Nimechagua habari za Marekani kwa kuwa huko mkopo wa lori wenye dhamana ya serikali una historia ndefu, na vyama vya ushirika vimo ndani yake.

Mwaka 1932, wakati wa dhiki kuu ya uchumi, serikali ya nchi ile iliunda shirika la kukopesha fedha, na waliotangulia kunufaika walikuwa mabenki na makampuni ya reli. Mwenye biashara ndogo alipata idara yake mwenyewe tarehe 30 Julai 1953, Rais Dwight Eisenhower alipotia sahihi sheria iliyounda Small Business Administration. Mwaka 1958 idara hiyo ikafanywa ya kudumu.

Lakini fedha peke yake haikutosha. Tangu sheria ya mwaka 1935, aliyetaka kuchukua mizigo ya watu kwa malipo kutoka jimbo hadi jimbo ilimpasa kupata kibali cha tume ya serikali, na kuthibitisha kwamba umma wahitaji huduma yake. Wenye malori wa zamani, na hata makampuni ya reli, waliruhusiwa kumpinga. Basi mtu aliweza kuwa na fedha na lori, asiwe na ruhusa ya kulitembeza. Waliosamehewa sharti hilo ni mkulima aliyechukua mazao yake mwenyewe, malori ya vyama vya ushirika vya wakulima, na malori yaliyochukua mazao ambayo hayajapitia kiwandani. Hapo ukazuka ubishi: kuku aliyechinjwa, akanyonyolewa na kugandishwa kwa barafu, je, ni zao la shamba au ni bidhaa ya kiwanda? Shauri lilifika Mahakama Kuu ya nchi, nayo mwaka 1956 ikaamua kwamba bado ni zao la shamba. Baadhi yenu mtacheka, lakini riziki ya wenye malori wengi ilitegemea kuku huyo.

Mlango ulifunguliwa kwa wingi mwaka 1980, Rais Jimmy Carter alipotia sahihi sheria ya kulegeza vibali. Katika miaka kumi idadi ya makampuni yenye kibali ilizidi maradufu. Nauli za mizigo zilishuka, jambo lililowafaa wenye mizigo. Ila makampuni mengi yalifilisika, na mabenki yakajifunza kumtazama mwenye lori kwa jicho la hadhari.

Ndiyo sababu dhamana ina kazi, nayo yafaa ieleweke vizuri, maana wako wanaodhani kuwa ni zawadi. Katika mpango mkuu wa idara hiyo, fedha hutoka benki. Serikali huahidi kuichukulia benki sehemu ya hasara: asilimia 85 kwa mkopo usiozidi dola 150,000, na asilimia 75 kwa mkopo mkubwa zaidi. Tuseme mkopaji ameshindwa, lori limeuzwa, na deni lililobaki ni dola 40,000. Kwa mkopo mdogo, serikali hubeba 34,000 na benki 6,000. Mkopaji hasamehewi hata senti moja, huendelea kudaiwa.

Tena kabla ya hayo benki hutaka kuona hesabu za kodi, makisio ya mapato, na mara nyingi sehemu ya bei iliyolipwa na mkopaji mwenyewe. Sheria nayo hudai bima isiyopungua dola 750,000 kwa lori kubwa lichukualo mizigo ya watu kwa malipo kuvuka majimbo. Malipo ya bima hiyo ni mzigo mzito kwa anayeanza, nayo hayangoji lori lipate kazi. Na kila mwenye hisa ya asilimia 20 au zaidi hutia sahihi ya kulidhamini deni kwa mali yake binafsi, hata kama lori limeandikwa kwa jina la kampuni.