Maganda ya matunda kwenye ngozi: nini ni salama, nini kinaunguza?

Akina mama wengi huuliza kama maganda ya limau, chungwa au embe yanaweza kupakwa usoni badala ya kutupwa. Jibu fupi: ganda ni malighafi, bado si kipodozi.

Viwandani hufanywa nini?
Dodoma huvuna zabibu mara mbili kwa mwaka. Baada ya kukamua mvinyo hubaki maganda na mbegu, na mbegu hizo zikikaushwa na kukamuliwa hutoa mafuta mepesi ya losheni. Mbegu za ubuyu nazo hukamuliwa mafuta ya ngozi na nywele. Maganda ya limau hutoa mafuta ya kunukia. Yakitolewa kwa mvuke, sehemu kubwa ya kemikali inayounguza hubaki nyuma, kisha hutiwa kwenye sabuni kwa kiasi kidogo kilichopimwa. Nyumbani hatuna kipimo hicho.

Hatari iko wapi?
Limau na ndimu zina kemikali iitwayo furanokumarini. Ikibaki kwenye ngozi, kisha ngozi ikapigwa na jua, huunguza. Dalili huanza baada ya siku moja au mbili: maumivu, joto, malengelenge, kisha alama nyeusi zinazoweza kukaa miezi. Utomvu wa embe huwasha na kuleta upele. Unga wa maganda yasiyokauka vizuri huota ukungu.

Kwa mtoto
Usimpake ganda wala maji ya limau, hata kwa vipele vya joto. Ngozi yake ni laini na nyembamba. Muogeshe kwa maji safi, mvalishe nguo nyepesi za pamba.

Ukiungua
- Osha kwa sabuni na maji mengi, kaa kivulini.
- Weka kitambaa safi chenye maji ya baridi.
- Usipasue malengelenge.
- Nenda zahanati haraka ikiwa aliyeungua ni mtoto, au kama jicho limeguswa, kuna malengelenge makubwa, usaha au homa.

Kikundi chenu kinataka kuuza?
Anzieni SIDO kwa mafunzo. Tangu 2019 vipodozi viko chini ya TBS, hivyo ulizieni huko kuhusu usajili kabla ya kuuza. Maganda ya jikoni yapelekeni kwenye mboji ya bustani ya mchicha.