Sikio la Mchoraji na Kelele za Mtaa

Mwambie mchoraji wa mtaani kwamba picha inaweza kuanzia sikioni, uone atakavyokucheka. Picha ni kazi ya jicho, atakuambia. Sikio waachie wapiga gitaa. Sawa bwana, lakini muulize: pikipiki ililipata wapi jina lake? Jina hilo ni mlio wa injini yenyewe. Na Kiswahili chetu kimejaa maneno ya namna hiyo. Kitu kikianguka majini ni chubwi, matopeni ni pwata, mchangani ni tifu, na kijiti kikivunjika ni kacha. Mtu akisema "pwata", msikilizaji huliona tope lenyewe, uzito wake na jinsi lilivyotapakaa, ingawa hakuna aliyemtajia rangi wala umbo. Waliotuachia lugha hii walikwisha kujua kwamba sauti ina sura.

Katika makala haya nataka kusimulia habari za kundi la wachoraji vijana wa Milano, mji wa kaskazini mwa Italia, ambao kati ya mwaka 1910 na 1914 waliazimia kuchora kelele za mji wao. Walifanikiwa, tena sana. Lakini sikio lao liliwafikisha mahali pabaya, na njia ile ilipita mpaka huku kwetu upande wa mashariki wa Afrika. Ndiyo maana naona habari zao zinamhusu kila kijana anayeshika penseli au kalamu mjini leo.

Mtaa waingia nyumbani

Milano ya miaka ile ilikuwa inapanuka kwa fujo. Viwanda vilikuwa vinajengwa pembezoni, tramu za umeme zinapita katikati ya farasi na mikokoteni, na kila upande waashi wamesimamisha miti ya kujengea. Mshairi mmoja, Filippo Tommaso Marinetti, alikuwa amechapisha ilani yake katika gazeti la Le Figaro la Paris tarehe 20 Februari 1909, akisifu mwendo kasi, mashine na ujana, na kutaka majumba ya makumbusho yabomolewe. Kundi lake lilijiita Wafuturisti, yaani watu wa wakati ujao. Katika ilani hiyohiyo aliisifu pia vita, akaiita kitu cha kuusafisha ulimwengu. Hilo tuliweke akilini, tutalirudia.

Mmoja wa wachoraji waliojiunga naye ni Umberto Boccioni, aliyezaliwa mwaka 1882. Mwaka 1911 alichora picha aliyoiita "Mtaa Unaingia Nyumbani". Ukiitazama unamwona mwanamke aliyekupa mgongo, ameegemea ukingo wa roshani, anachungulia uwanja ulio chini ambako watu wanajenga. Wengi husema ni mama yake mchoraji, na si ajabu, maana alimchora mara nyingi. Basi kila kitu kinamwelekea mama huyu. Nyumba za ng'ambo zimeinama kama zinataka kumwangukia, miti ya waashi imepinda na kuchomoza, na farasi mdogo anapita juu ya mwili wake mwenyewe.

Picha hiyo ilipopelekwa kwenye maonyesho ya Paris mwaka 1912, maelezo yaliyoandamana nayo yalisema kwamba imekusudiwa kuonyesha kile anachokipata mtu anapofungua dirisha: maisha yote na kelele zote za mtaa zinamvamia kwa pamoja. Hapo ndipo penye ufundi wake. Jicho hutazama kitu kimoja kwa wakati mmoja, lililo nyuma yako hulioni. Sikio halina mgongo. Nyundo iliyo kushoto, farasi aliye chini na mtu anayeita kutoka ng'ambo huingia vyote kwa mkupuo, na huwezi kulifumba sikio kama unavyofumba jicho. Mchoraji aliyezoea kuweka kila nyumba wima mahali pake hawezi kuonyesha hali hiyo. Boccioni alipolifuata sikio ilimbidi azivunje nyumba.

Mwenzake, Carlo Carrà, mwaka huohuo 1911 alichora picha yenye jina la kuchekesha kidogo, "Aliyoniambia Tramu". Miaka miwili baadaye, Agosti 1913, alitoa ilani yake mwenyewe kuhusu uchoraji wa sauti, kelele na harufu. Alilalamika kwamba wachoraji wa karne zilizopita walikuwa wakichora ukimya mtupu. Akapendekeza pembe kali badala ya pembe mraba, na mistari ya kwenda mshazari na kuzunguka badala ya ile iliyosimama wima. Hata rangi alizigawa. Kelele za stesheni za treni na gereji aliziona nyekundu, za mikahawani fedha, manjano na zambarau. Unaweza kubishana naye kuhusu rangi, na kwa kweli mkahawa wa chai wa Kariakoo sidhani kama ungeuona wa zambarau, ila swali lake ni zuri na bado liko hai. Kelele ya mtaani kwenu ina rangi gani?

Fundi wa kelele

Aliyekwenda mbali kuliko wote ni Luigi Russolo. Huyu naye alikuwa mchoraji, lakini baba yake alikuwa mpiga kinanda cha kanisani, kwa hiyo muziki ulikuwa nyumbani kwao. Tarehe 11 Machi 1913 aliandika barua kwa rafiki yake mwanamuziki, Balilla Pratella, akisema kwamba ala za kawaida zimechosha, na kwamba mabomba ya maji, injini, milango ya chuma na vishindo vya viwandani ni muziki unaosubiri mtu wa kuusikiliza. Kisha akazigawa kelele katika makundi 6. La kwanza ni ngurumo na milipuko. La pili miluzi. La tatu minong'ono. La nne mikwaruzo. La tano milio ya vitu vinavyogongwa, kama vile chuma, mbao, ngozi na mawe. La sita na la mwisho ni sauti za wanyama na binadamu, humo zimo kelele za kuita, vicheko, vilio na mikoromo.

Russolo hakuishia kwenye maneno. Yeye na mchoraji mwenzake, Ugo Piatti, waliunda masanduku ya mbao yenye pembe kubwa kama zile za gramafoni. Unazungusha mpini, sanduku linanguruma, linalia au linakwaruza. Tarehe 21 Aprili 1914 aliyapiga mbele ya umma katika ukumbi wa Dal Verme, Milano. Watu walizomea, ngumi zikarushwa, onyesho likawa vurugu tupu.

Lakini kitu ninachotaka vijana wakitazame ni karatasi zake. Noti za kawaida hazikumfaa, kwa sababu mngurumo haurukii noti hadi noti. Unapanda na kushuka bila kukatika. Kwa hiyo kwenye mistari ya muziki alichora mstari mnene unaokwenda moja kwa moja, ukipanda sauti inapopanda na kushuka inaposhuka. Kipande kidogo cha kazi yake, "Kuamka kwa Mji", kilichapishwa mwaka 1914 na bado kipo. Ukikiangalia, hata kama hujui muziki, unaona asubuhi ya mji imechorwa.

Mzinga nao una mlio

Sasa turudi kwa Marinetti. Mwaka 1912 alikwenda kuripoti vita vya Balkani, akiwa pamoja na majeshi ya Bulgaria yaliyouzingira mji wa Adrianople uliokuwa mikononi mwa Waturuki. Kutokana na safari hiyo alitoa kitabu mwaka 1914, nacho akakiita "Zang Tumb Tumb". Jina lenyewe ni tanakali sauti: ni mzinga unalia. Herufi humo ndani zimepangwa kubwa kwa ndogo, zimetawanyika ukurasani kama vipande vya bomu, na wapangaji wa maandishi duniani kote wamejifunza kutokana nacho. Ni kazi ya mtu mwenye kipaji, hakuna ubishi.

Ila jiulize alikuwa amesimama wapi. Alikuwa upande wa nyuma wa mzinga, unakotokea mshindo. Mjini Adrianople, kombora linakotua, kulikuwa na watu wengine wenye masikio. Hao hawakuandika tanakali sauti. Sasa litazame tena kundi la 6 la Russolo. Kilio cha binadamu kimo, kimewekwa mwishoni pamoja na mikoromo na sauti za wanyama, kama mlio mmojawapo wa kutumia. Nani analia, na analilia nini, orodha haisemi.

Vita kuu ilipofika Italia mwaka 1915, Marinetti, Boccioni na Russolo waliingia jeshini kwa hiari katika kikosi cha waendesha baiskeli. Boccioni alianguka kutoka juu ya farasi akiwa mazoezini, akafa Agosti 1916, ana umri wa miaka 33. Russolo alijeruhiwa vibaya kichwani mwaka 1917. Kelele waliyoipenda iliwafikia wenyewe.

Na sisi je? Vita hiyohiyo ilipiganwa katika nchi zetu kuanzia 1914 hadi 1918, baina ya Waingereza na Wajerumani, na wapagazi wa Kiafrika makumi ya maelfu walikufa kwa maradhi, njaa na mizigo. Wazee wetu nao walikuwa wanasikiliza. Bunduki ya rashasha waliipa jina kwa mlio wake, bombomu. Na kikosi cha wapagazi wa Waingereza, Carrier Corps, sikio la Kiswahili lililiumba upya jina lake likawa Kariakoo. Dar es Salaam ina Kariakoo yake, na Nairobi ina Kariokor. Hakuna mchoro wa vita ile unaotazamwa na watu wengi kila siku kuliko jina hilo lililobandikwa kwenye mabasi. Ni mlio uliobaki baada ya wenyewe kufa.

Marinetti hakukoma. Alizaliwa Alexandria, Misri, mwaka 1876, na katika ilani yake ya kwanza anamkumbuka yaya Msudani aliyemnyonyesha. Lakini Italia ya Mussolini ilipoivamia Ethiopia Oktoba 1935, mtoto huyo wa kunyonyeshwa Afrika, akiwa anakaribia miaka 60, alijitolea kwenda kupigana. Ndege za Italia zilimwaga gesi ya sumu juu ya askari na raia. Mwaka 1937 Marinetti alichapisha "Shairi la Kiafrika" kuitukuza vita hiyo. Sikio lilikuwa kali vilevile, tena lenye mazoezi ya miaka 25, na halikumsikia mtu hata mmoja.

Mzee wa New York

Je, tuseme basi kuchora kelele ni jambo la hatari? La hasha. Mchoraji Mholanzi Piet Mondrian naye aliisikia milipuko. Aliondoka Paris mwaka 1938 akiikimbia vita, akaenda London. Mwaka 1940 mabomu ya Wajerumani yakamfuata hukohuko, akavuka bahari hadi New York akiwa na miaka 68. Rafiki yake, Harry Holtzman, akamchezea sahani za santuri za boogie-woogie, muziki wa piano wa Wamarekani Weusi. Mzee akapagawa.

Muziki huo wenyewe ulitokana na kusikiliza. Mpiga piano Meade Lux Lewis wa Chicago alirekodi mwaka 1927 kipande kinachoiga treni. Mkono wa kushoto ni magurudumu yanayogonga reli bila kupumzika, wa kulia ni honi na kengele. Treni hizo ndizo zilizowaleta Weusi kwa maelfu kutoka kusini kwenda kutafuta kazi. Mondrian akachukua mdundo wa boogie-woogie na vishindo vya barabara za New York, akachora "Broadway Boogie Woogie" mwaka 1942 hadi 1943. Mistari yake myeusi ya miaka yote aliitupa. Badala yake kuna njia za manjano zilizojaa vijiraba vyekundu, bluu na kijivu, vinadundadunda kama taa za barabarani. Alikufa Februari 1944 akiacha picha nyingine ya namna hiyo haijakwisha, vipande vya karatasi vya rangi bado vimebandikwa. Masikio yaliyotoka kwenye mabomu yalichagua kuchora ngoma za watu.

Kazi ni kwako

Kwa hiyo, ndugu yangu unayelalamika kwamba huna cha kuchora, ama huna cha kuandika, kaa kibarazani nusu saa na daftari. Muuza kahawa anagonga vikombe vyake. Mpiga viatu rangi anagonga kisanduku. Konda anapiga ubavu wa basi. Jenereta la jirani linanguruma, adhana inaanza, mtoto anachapwa nyumba ya tatu. Usichore vitu hivyo. Chora kwanza milio yake. Upi mstari wake ni mnene? Upi umekatikakatika? Upi unapanda, na una rangi gani? Russolo na Carrà watakusaidia hapo, usiwatupe kwa sababu ya dhambi za Marinetti.

Kisha fanya lile ambalo wao hawakulifanya. Kando ya kila mlio andika mambo mawili: nani anautoa, na unamfikia nani. Kikombe cha muuza kahawa kinataka shilingi. Jenereta linamnyima usingizi mgonjwa. Kilio cha yule mtoto si rangi ya kupambia ukurasa. Huenda ukapaswa kuiweka penseli chini na kwenda kubisha hodi. Picha ya Boccioni inatuvuta mpaka leo kwa sababu katikati ya vurugu zote zile amesimama mtu mmoja, mama, na kelele zote zinamwangukia yeye. Mwondoe, kinachobaki ni mbao na farasi.

Halafu chora. Ukimaliza tuletee, kurasa hizi zina nafasi.