Chumba cha Waridi

Mwaka 2011 fundi aliyekuwa akikwangua ukuta wa chumba cha mama yetu, Tanga, aliniita nikaone. Chini ya rangi ya maziwa, na chini ya ile buluu tuliyoipaka sisi watoto tulipoanza kupata mishahara, kulikuwa na chokaa ya rangi ya waridi. Haikuwa waridi kali ya peremende. Ilikuwa imepooza, yenye joto, kama upande wa ndani wa kombe la pwani. Mama wakati ule alikwisha kuanza kutusahau majina. Akaugusa ukuta, akasema, "Hii kaikoroga baba yenu, mwaka niliokuja."

Mwaka aliokuja ni 1961, alipoolewa.

Nikaamua chumba kirudishwe vile. Kaka yangu mkubwa hakutaka. Alisema waridi ni rangi ya mabinti, na nyumba ya marehemu baba si saluni. Mdogo hashindani na mkubwa wake mbele ya fundi, kwa hiyo nilinyamaza, nikaenda kutafuta katika vitabu.

Nilichokuta kilinishangaza. Huko Marekani, mwaka 1918, jarida moja la wafanya biashara wa nguo za watoto lilishauri wavulana wavikwe waridi kwa kuwa ndiyo rangi yenye nguvu, na wasichana wavikwe buluu! Mambo yaligeuka baadaye. Mwaka 1953 Mamie Eisenhower, mke wa Rais, alivaa katika sherehe za kuapishwa mumewe gauni la waridi lililotiwa vijiwe vya kumeta zaidi ya 2,000, kisha akaipeleka rangi hiyo katika vyumba vyao vya Ikulu. Katika miaka hiyo bafu za waridi, vigae na masinki, zilienea nchini mwake.

Tena mwaka 1979 gereza moja la wanamaji, mjini Seattle, lilipakwa waridi ndani ya chumba cha mahabusu ili wakorofi watulie. Walichanganya galoni moja ya rangi nyeupe na painti moja ya nyekundu, yaani sehemu nane kwa moja, na rangi ikapewa majina ya maofisa wawili wa hapo, Baker na Miller. Majaribio ya baadaye hayakuthibitisha kwamba rangi hiyo hutuliza mtu. Sikushangaa. Nane kwa moja ni kali mno. Mimi ningelala humo usiku mmoja tu, nikaomba nihamishwe.

Ya baba ilikuwa kitu kingine. Chokaa ya pwani hutokana na matumbawe yaliyochomwa kwa kuni mpaka yakawa unga, yakazimwa kwa maji, yakaachwa yalainike. Ikipakwa nyembamba hushika hewa na kurudi kuwa jiwe. Haivumilii rangi za majani wala maua, huzila. Inachokubali ni udongo na kutu. Baba alitia kidogo ule unga mwekundu wa kusakafia. Ndiyo maana waridi yake ilikuwa na joto: ndani yake mlikuwa na chuma.

Nilimweleza kaka yote hayo. Akasema, "Haya, fanya." Nilijua hajakubali. Alikuwa amekwisha kukipangia chumba kile wapangaji, siku mama atakapohamia kwake.

Fundi alikwangua siku nne, maana chokaa haishiki juu ya rangi ya plastiki. Tulikoroga ndoo moja, vijiko vya unga mwekundu tukivihesabu kama dawa. Ilipopakwa ilikuwa mbaya, nzito, kama tope la korongoni. Mama akachungulia mlangoni. "Mmekosea," akasema. Kaka akacheka. Mimi usiku ule sikupata usingizi, ingawa fundi alikwisha kuniambia kwamba chokaa mbichi haihukumiwi.

Asubuhi ya pili ukuta ulikuwa umekauka na kupauka. Jua liliingia kwa dirisha la mashariki, chumba chote kikawa kama kombe. Mama alikaa kitandani, akatazama huku na huku. Kisha akamgeukia kaka.

"Baba yenu amekwisha kunawa mikono? Mwambie chai tayari."

Kaka alitoka, akakaa barazani peke yake. Habari ya wapangaji hakuitaja tena mpaka mama alipofariki, mwaka 2014, katika chumba kile kile.