Taya, uti wa mgongo na mkao wa mwili

Uhusiano wa taya na uti wa mgongo ni suala la jinsi kichwa kinavyobebwa. Taya la chini limening'inia kwenye fuvu kwa misuli na kano, na fuvu limeketi juu ya pingili 24 zinazocheza: 7 za shingo, 12 za kifua na 5 za kiuno. Kwa sababu hiyo mahali lilipo taya na namna mgongo ulivyopinda huathiriana, ingawa kwa kiasi kidogo kuliko wanavyodai baadhi ya wauzaji wa vifaa vya meno. Makala haya yanachukua mifano yake katika kata ya Mungaa, Wilaya ya Ikungi, mkoani Singida, ambako ndoo ya maji bado hubebwa kichwani.

Mkao wa kawaida

Ukimtazama mtu mzima kwa nyuma, uti wake wa mgongo umenyooka. Ukimtazama kwa ubavu, umepinda mara tatu: shingo imeingia ndani, kifua kimetoka nyuma, kiuno kimeingia tena. Mapindo hayo si kasoro. Ndiyo yanayopunguza mshtuko wa kutembea na kuuweka uzito katikati. Uzi wa timazi, ule wa fundi mwashi, ukishushwa kando ya mtu aliyesimama vizuri hupita kwenye tundu la sikio, bega na nyonga, ukamalizikia mbele kidogo ya kifundo cha mguu.

Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo 4 hadi 5, na sehemu kubwa ya uzito huo iko mbele ya kiungo kinachokishika shingoni. Misuli ya kisogo haina likizo. Abiria anayesinzia ndani ya basi la Singida hudondosha kidevu kifuani na kuachama kwa sababu misuli hiyo na ile ya taya imelegea pamoja.

Mwili haupati habari za mizani mahali pamoja. Sikio la ndani hupima mwendo wa kichwa, macho hupima upeo, nyayo hupima ardhi, na misuli ya shingo huueleza ubongo kichwa kimekaaje juu ya kiwiliwili. Mchango wa taya huingia hapo shingoni.

Taya linavyoingia

Taya likipumzika, meno ya juu na ya chini hayagusani. Hubaki nafasi ya milimita 2 hadi 4. Msomaji anaweza kujipima mwenyewe. Keti wima, gonganisha meno taratibu, kisha tazama juu na uyagonganishe tena: utahisi taya limerudi nyuma na meno ya nyuma ndiyo yanayokutana kwanza. Ukiinamisha kichwa, taya husogea mbele. Shingo ndiyo iliyoamua meno yakutane wapi.

Njia ya pili ni ya neva. Neva ya tano ya kichwa, inayohudumia uso na taya, hukutana katika shina la ubongo na neva za pingili tatu za juu za shingo. Ndiyo maana maumivu ya shingo huweza kusikika usoni, na mwenye tatizo la kiungo cha taya mara nyingi hulalamikia shingo. Mwishoni mwa karne ya 19, daktari Ernő Jendrassik wa Hungaria alionyesha kwamba mgonjwa akikaza misuli ya sehemu nyingine ya mwili, goti lake huruka kwa nguvu zaidi linapogongwa. Madaktari hadi leo humwambia mgonjwa aume meno kwa kusudi hilo. Vipimo vya kisasa vimeonyesha pia kwamba kukaza taya hupunguza kidogo kuyumba kwa mtu aliyesimama.

Kutoka hapo wapo walioruka mbali. Huuzwa vifaa vya kuvaa mdomoni kwa ahadi ya kunyoosha mgongo. Wachunguzi waliopitia kwa pamoja tafiti za jambo hilo hawakupata ushahidi wa kutosha kwamba kurekebisha meno hunyoosha mgongo. Watoto wenye mgongo uliopinda upande huonekana kuwa na meno yasiyokutana sawa mara nyingi zaidi kuliko wenzao, lakini kukutwa pamoja si kusababishana.

Ushahidi wenye nguvu unaelekea upande wa pili, kutoka mgongoni kwenda tayani. Katika miaka ya 1940 Walter Blount na Albert Schmidt wa Milwaukee, Marekani, walibuni fremu ya kunyoosha mgongo iliyoanzia nyonga hadi shingoni na kukishikilia kidevu kwa pedi. Watoto waliivaa usiku na mchana kwa miaka. Migongo ilisaidika, lakini pedi ile ilikandamiza taya linalokua: uso wa chini ukafupika na meno ya mbele yakasukumwa nje. Baadaye pedi ya kidevu iliondolewa, ikawekwa nyingine ndogo chini ya koo.

Ndoo kichwani

Mama wa Mungaa anayetoka kisimani na ndoo ya lita 20 hukunja khanga kuwa ngata, huelesha jani au bakuli juu ya maji yasimwagike, kisha huondoka. Kidevu kimerudi ndani kidogo, macho yako mbele, shingo haigeuki bila mabega. Kiuno na nyonga ndivyo vinavyocheza ili ndoo isicheze. Njiani anaongea na wenzake na kucheka. Kama mizani ingeshikwa na meno, asingeweza kufungua kinywa.

Mwaka 1986 Profesa G.M.O. Maloiy wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzake walichapisha katika jarida la Nature vipimo vya wanawake wa Kijaluo na Kikikuyu wa Kenya. Mzigo hadi asilimia 20 ya uzito wa mwili haukuwaongezea matumizi ya nguvu. Mwaka 1995 Norman Heglund na wenzake walieleza sababu: katika kila hatua wabebaji hao hupoteza nguvu kidogo kuliko watu wengine. Habari hizo zimenukuliwa sana, mara nyingine kwa kuwasifu wanawake badala ya kuwachimbia visima karibu. Hesabu ni rahisi. Kwa mwanamke wa kilo 55, asilimia 20 ni kilo 11. Ndoo iliyojaa ina kilo 20 za maji peke yake. Mwaka 2010 watafiti waliopima wanawake wa Afrika Kusini hawakuikuta nafuu hiyo kwa wote, na maumivu ya shingo yalikuwa malalamiko ya kawaida.

Yanayopinda mgongo kweli

Skoliosisi, yaani mgongo kupinda upande kwa nyuzi 10 au zaidi, huwapata vijana 2 hadi 3 katika kila 100 duniani, na kwa wengi chanzo hakijulikani. Hupimwa bila mashine: mtoto huinama mbele akiwa amenyoosha miguu, na mpimaji hutazama kama upande mmoja wa mbavu umeinuka.

Floraidi ndiyo inayounganisha meno na mgongo kwa njia ya moja kwa moja, na Singida imo katika orodha ya mikoa ya Tanzania yenye madini hayo majini. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Mtoto anayekunywa zaidi ya hapo meno yake yakiwa bado yanajengeka huota meno yenye madoa ya kahawia. Kiwango kikiwa kikubwa sana kwa miaka mingi, mifupa huwa mizito, kano hukakamaa, na mgongo hupinda na kuwa mgumu. Magadi yanayotiwa kwenye mlenda na maharage huongeza floraidi, kwa kuwa mengi hutoka katika maziwa ya Bonde la Ufa. Kuchemsha maji hakuyaondoi madini haya. Maji ya mvua yaliyokingwa vizuri ndiyo salama zaidi kwa mtoto mdogo.

Kibiongo chenye ncha kinachotokea katika miezi michache ni jambo jingine. Mara nyingi ni kifua kikuu cha uti wa mgongo, ugonjwa ulioelezwa na Percivall Pott wa London mwaka 1779: kidudu hula pingili, nazo huporomoka mbele na huweza kubana neva za miguu. Hospitali ya Makiungu, iliyoanzishwa na masista wa Medical Missionaries of Mary katika miaka ya 1950, iko karibu kwa wakazi wa Mungaa. Wanaohitaji upasuaji wa mgongo hupelekwa kwenye hospitali kubwa, ikiwemo Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Dar es Salaam. Mtoto mwenye homa za jioni, anayekonda, anayelalamikia mgongo au aliyeanza kuburuta miguu asicheleweshwe nyumbani kwa kukandwa. Dawa za kifua kikuu hutolewa bure nchini Tanzania.