Ugatuzi: madaraka yanayoshuka hadi sekta

Mama anayepanga samaki wa Lualaba sokoni Lokandu, kaskazini mwa Kindu, anapolipa ushuru wa soko, pesa hizo ni za nani? Wengi watajibu: za serikali. Jibu hilo halitoshi. Nchini Kongo, ushuru wa kupanga bidhaa sokoni umo katika orodha ya mapato ya mamlaka ambazo kwa Kifaransa huitwa entité territoriale décentralisée, na ofisini watu huzitaja kwa kifupi tu: ETD.

Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika ibara ya 3, inazitaja ETD nne: mji, komuni, sekta na sheferi, yaani eneo la mtawala wa jadi. Kila moja ina nafsi yake kisheria: inaweza kumiliki mali, kushtaki na kushtakiwa, kuwa na bajeti na baraza lake. Teritwari, ngazi iliyo juu ya sekta na sheferi, haimo. Kailo, Pangi, Kasongo na nyingine nne za jimbo la Maniema, lenye Lokandu na Kindu, ni ofisi za serikali zilizosogezwa karibu na raia, na administrata, yaani mkuu wa kila moja, huteuliwa kutoka juu.

Kwa Kiswahili, ETD hutafsiriwa mara nyingi kuwa "maeneo yaliyogatuliwa". Siikubali tafsiri hiyo. Kinachogatuliwa ni madaraka, ardhi haigatuliwi. Msikilizaji wa redio anayeambiwa kwamba sekta yao imegatuliwa ana haki ya kuuliza imegawiwa nani. Mimi ningesema "mamlaka ya ugatuzi". Na kile wanachofanya maadministrata ningekiita "uwakilishi wa serikali", ili mambo haya mawili yasichanganywe.

Tanzania inatufundisha gharama ya kuyachanganya. Mwaka 1972 ilitangazwa sera ya Madaraka Mikoani. Jina lilipendeza, lakini mabaraza ya wilaya na miji yaliyochaguliwa yalivunjwa, na watumishi wa serikali kuu wakapelekwa mikoani kushika nafasi yake. Waliosafiri ni maafisa. Madaraka yalibaki kwa waliowatuma. Sheria za mwaka 1982 ndizo zilizorudisha serikali za mitaa. Kenya, kwa Katiba ya 2010, ilikwenda mbali zaidi: kaunti 47, kila moja na gavana na bunge lake, pamoja na mgao wa jumla usiopungua asilimia 15 ya mapato ya taifa.

Kwa hesabu ya karatasi, Kongo ni karimu kuliko Kenya. Ibara ya 175 ya Katiba yake inayapa majimbo asilimia 40 ya mapato ya kitaifa, na sheria ya ETD ya tarehe 7 Oktoba 2008 inazipa ETD asilimia 40 ya fungu hilo. Katika kila faranga 100, basi, 16 ni za miji, komuni, sekta na sheferi. Katiba inataka fungu la jimbo likatwe palepale linapokusanywa. Kinachofanyika ni kwamba pesa hupanda Kinshasa kwanza, kisha watu huku chini hungojea "retrosesyo". Neno hilo lenyewe linaonyesha jinsi haki ilivyogeuzwa kuwa hisani: anayerudishiwa amekwisha kunyang'anywa.

Sheria hizi hazikai mahali pamoja. Orodha ya kodi za majimbo na ETD ilipangwa mwaka 2013, ikapangwa upya Machi 2018. Mwezi huohuo kanuni mpya ya madini ilithibitisha asilimia 15 ya mrabaha kwa ETD, jambo zito kwa Maniema yenye kasiterite na dhahabu. Upande wa pili, marekebisho ya Katiba ya Januari 2011 yalimpa Rais uwezo wa kuvunja baraza la jimbo na kumwondoa gavana panapotokea mgogoro mkubwa wa kisiasa. Madaraka yaliyoshuka kwa sheria hupandishwa tena kwa sheria.

Linalobaki ni kura. Sheria ya 2008 inataka mkuu wa sekta achaguliwe na baraza la sekta, nalo baraza lichaguliwe na wananchi. Desemba 2023 baadhi ya komuni zilipiga kura kuchagua madiwani wao, sekta hazikupiga. Mpaka zipige, sekta ina jina la mamlaka ya ugatuzi, lakini mkuu wake anaendelea kutoka juu.