OK Jazz ya miaka ya 80: tusikilize ao tupite?

Kila mara tunapopiga "Mario" kwenye kipindi cha muziki wa zamani, ujumbe unaingia wa namna mbili. Wazee wanasema: hiyo si OK Jazz yenyewe, mutupigie ile ya miaka ya 60 na ya 70. Vijana wanauliza: huyu baba ataanza kuimba saa ngapi? Njo maana tumeona vizuri kuweka hapa habari juu ya zile diski za mwisho za Franco, kuanzia 1980 mpaka kifo chake mwaka 1989. Tunafikiri iko kazi nzuri ndani yake, lakini ina masharti, na sisi watu wa Kiswahili tuna sharti letu la pekee.

Kwanza tukumbushe kidogo. OK Jazz ilizaliwa Léopoldville mwaka 1956, mu bar ya Oscar Kashama yenye ilikuwa inaitwa OK Bar. Zile herufi mbili zilitoka pale. François Luambo Makiadi, ndiye Franco, mtoto wa Sona Bata, alikuwa hajatimiza hata miaka 18. Nyuma yake walipita ndani ya ile orkestra watu wengi wenye majina: Vicky Longomba, Verckys, Youlou Mabiala, Sam Mangwana, Simaro Lutumba, Josky Kiambukuta, Ndombe Opetum. Mwaka 1974 ilipanda jukwaani kwenye ile festivali kubwa ya Kinshasa, ya wakati wa pigano la Muhammad Ali na George Foreman. Kwa hiyo, kufika mwaka 1980, hii ni orkestra ya miaka 24. Orkestra ya umri ule mara nyingi inabakia kurudilia mambo yake ya zamani, na wapenzi wake wanakuja kusikia yale tu wanayojua. OK Jazz haikufanya vile. Ilibadilika, na pale njo mabishano yanaanzia.

Juu ya nini nyimbo zikawa ndefu

Wakati wa diski ndogo, zile za 45, wimbo ulikuwa unakatwa mara mbili. Upande wa kwanza unakuwa na maneno, pole pole. Unageuza diski, upande wa pili unakuwa sebene. Dakika nne hivi kila upande, basi. Hakuna nafasi ya kupoteza. Wazee wetu walizoea ile, na ni kweli kama ile haraka ilifanya nyimbo zikazwe vizuri, bila neno la bure.

Kisha uchumi wa Zaïre ukaharibika. Mwisho wa miaka ya 70, kutengeneza diski Kinshasa ikawa shida, vitu vya kutengenezea vilikosekana, na wanamuziki wakubwa wakaanza kwenda kurekodi Ulaya. Franco alikuwa na uwezo wa kwenda, akajenga kituo chake Bruxelles. Akaanza na alama zake mwenyewe za kutoa diski: Visa 1980, Edipop, Choc. Sasa diski ilikuwa ile kubwa ya 33, na studio ilikuwa na mashini nzuri. Wimbo mmoja unaweza kushika dakika 14 na zaidi, bila kukatwa. Diski nzima inaweza kuwa na nyimbo nne tu.

Sauti pia ikasafishwa. Besi inasikika chini vizuri, gita kila moja iko pahali pake, ngoma hazifichwi tena na trompeti. Wengine wanasema ni safi zaidi ya lazima, inakosa moshi wa bar. Mimi nakubali nusu. Ukisikiliza na redio ndogo ya jikoni, ile ya miaka ya 60 inakugonga haraka zaidi. Ukiwa na bafle mbili nzuri, ya Bruxelles inakushinda.

Tena kumbuka wakati wenyewe. Kule Paris, Kanda Bongo Man alitoa "Iyole" mwaka 1981 na akaonyesha njia ya kuondoa mwanzo wa pole pole na kuingia moja kwa moja mu sebene, juu ya watu wa kucheza. Wengi wakamfuata. Mzee Franco akafanya kinyume kabisa: akaongeza maneno.

Tuna Mufwankolo, yeye alikuwa na gita

Hapa njo sharti letu. Huku Haut-Katanga, na mu Kivu na Maniema vilevile, wengi tulikua na OK Jazz kwenye masikio lakini si kwenye akili. Lingala ya bistro na ya waaskari tunajua. Lingala ya mama wa Kinshasa mwenye anagombana na rafiki yake kwa telefone, ile ni ingine. Tukacheza sebene, maneno yakapita. Kwa diski za miaka ya 70 hasara si kubwa sana. Kwa diski za miaka ya 80 unapoteza karibu kila kitu, juu Franco wa ile miaka si mwimbaji tu, ni mtu wa teatre.

Mkaaji wa Lubumbashi atanielewa haraka nikitaja kikundi cha Mufwankolo. Wale walituonyesha mu Kiswahili yetu, kwa redio na kwa televizyo, bwana mlevi, bibi mwenye deni, shemeji mchochezi, mfanyakazi mwenye anadanganya mkubwa wake. Watu walicheka na kesho yake wakaangaliana mu kartie. Chukua ile, weka gita nne nyuma yake na sauti ya Madilu System, utakuwa na "Mario".

"Mario" ilitoka 1985. Ni habari ya kijana amesoma, ana madiploma, lakini hataki kazi. Anaishi kwa mama mkubwa kwa umri, mwenye pesa, anakula, anavaa, tena juu yake anafanya wivu na makelele. Franco anazungumuza kwa kinywa cha yule mama amechoka. Hasira yake inapanda pole pole, na gita zinamngojea, hazimsukumi. Hii njo siri ya zile dakika 14: ukikata wimbo dakika ya tano, umeondoa kesi mbele ya hukumu. Mwaka 1988 alitoa hata jibu la Mario, sawa vile watu walikuwa wanataka kusikia upande wa pili wa palabre.

"Mamou", ya 1984, ni ya wanawake wawili. Bwana wa Mamou yuko Ulaya anafanya kazi, Mamou amebakia na maisha yake ya kando, na rafiki anachoka kutumiwa kama kisingizio. Franco anashika upande wa rafiki, Madilu anashika upande wa Mamou. Mwanaume mnene wa kilo nyingi anaongea kama mama wa kartie na hakuna mtu anacheka juu yake. Wanacheka juu ya ukweli. Wamama wetu wenye mabwana zao wako Ulaya ao Afrika ya Kusini leo, na mabwana wenyewe, nafikiri wangesikia kitu.

Madilu mwenyewe aliingia OK Jazz mwaka 1980. Sauti yake ni nene lakini inalia, na ilifanya Franco apate mtu wa kujibizana naye. "Non", ya 1983, njo pahali pazuri pa kuanzia kama haujawahi kusikia wawili hawa pamoja.

Ile ya Directeur Général

Mwaka 1983 kulitokea jambo lenye watu hawakuamini: Franco na Tabu Ley, washindani wa miaka mingi, waliimba pamoja. Mu kazi zao za pamoja kuna "Lettre à Monsieur le Directeur Général". Ni malalamiko juu ya wale wanaomzunguka mkubwa, wanafunga mlango, wanakula jasho la wengine, na mkubwa hapati habari. Hakuna jina la mtu ndani. Haikuwa lazima.

Sijui mji wenye ungeelewa ule wimbo kupita Lubumbashi, mji wa Gécamines, na Likasi na Kolwezi pamoja nao. Baba alikuwa anaenda kazi, akirudi anazungumuzia "DG" sawa vile watu wa zamani walizungumuzia mfalme. Kama baba yako bado iko, mpigie ule wimbo, umuulize. Atakueleza zaidi ya hii makala.

Tusifiche ile ingine. Mwaka uliofuata, 1984, Franco alitoa "Candidat na biso Mobutu". Ilikuwa mwaka wa uchaguzi, na mgombea alikuwa mmoja tu. Mtu aliyetiwa gerezani mwaka 1978 kwa ajili ya nyimbo za matusi, sasa anaambia inchi nzima imsimamie Mukubwa. Huku kwetu, ambako vita vya Shaba vya 1977 na 1978 vilikuwa bado vibichi, iko watu hawataki kusikia ile diski hata leo, na wana haki. Lakini kwa mwandishi wa habari, mwalimu wa historia ao mwanafunzi, ni ya kusikiliza mara moja, tena kwa makini. Utasikia ufundi ule ule wa "Mario", sauti ile ile ya kushawishi, inatumikia kitu kingine. Mimi siipigi kwenye kipindi cha muziki. Ningeipiga kwenye kipindi cha mazungumzo.

SIDA, 1987

Kama ungelikuwa na saa moja tu kwa miaka yote ya 80, robo yake ingekuwa ya "Attention na SIDA". Franco aliitoa mwaka 1987, Lingala na Kifaransa vikichanganyika, ili isikilizwe mbali. Haina mchezo ndani. Anapita kwa vijana, kwa wazazi, kwa walimu, kwa waganga, kwa watu wa dini na wa serikali, kila mmoja anapewa kazi yake, na hataki wagonjwa watengwe.

Ujue ile wakati ilikuwaje. Kinshasa kulikuwa na watafiti wa ugonjwa tangu 1984, na mradi wao uliitwa Projet SIDA, lakini mitaani watu walikuwa wanafanya mzaha na zile herufi nne. Wengine walisema ni uongo wa Wazungu juu ya kuwakatalia watu mapenzi. Mtu mkubwa wa muziki, mwenye jina la kupenda wanawake na furaha, kusimama na kusema ugonjwa uko, haikuwa kitu kidogo. Miaka mitatu nyuma, mwaka 1990, kule Dar es Salaam, Remmy Ongala, mtoto wa Kindu, alitoa "Mambo kwa Soksi" kwa Kiswahili juu ya kutumia kapoti. Zile nyimbo mbili zingefaa kupigwa pamoja kwa vijana wetu, na wakalimani wakae karibu.

Franco alikufa tarehe 12 Oktoba 1989 kule Ubelgiji, na miaka 51. Juu ya ugonjwa wake watu walisema na bado wanasema. Hatuna lazima ya kuongeza.

Ya kupunguza

Si kila diski ya ile miaka ni dhahabu. Franco alitoa nyingi mno, mbili tatu zikikimbilia soko kwa wakati mmoja, na unasikia mahali mahali sebene ile ile imevaa jina jipya. Ile aliyofanya na Sam Mangwana mwaka 1989, "For Ever", ni ya heshima: Franco alikuwa mgonjwa tayari na Mangwana anabeba mzigo. Usianze nayo. Usisahau lakini kutafuta "Massu" na "Layile" za 1986, zenye Jolie Detta anaimba. Sauti ya mwanamke mbele ya OK Jazz, nyuma ya miaka 30 ya wanaume! Nyepesi, tamu, na dada zetu wengi hawajui hata kama iko. Na Simaro aliandika "Maya", ya 1984, Carlyto akaiimba. Wale wenye wanasema OK Jazz ya 80 ilikuwa ni Franco peke yake wakisikia ile wananyamaza.

Namna ya kuzipata

Kuna mkusanyo unaitwa Francophonic, wa nyumba ya Sterns ya London, volimu mbili, 2008 na 2009. Volimu ya pili njo inashika 1980 mpaka 1989, na ndani yake wameeleza nyimbo. Kwa intaneti nyimbo karibu zote ziko, lakini majina mara nyingi yamechanganywa: "Mamou" inaitwa pia "Tu vois?", ni wimbo ule ule.

Ukienda sokoni kuwekewa nyimbo kwenye flash ao kwenye karte ya telefone, angalia dakika mbele ya kulipa. "Mario" ya dakika tano ao sita ni iliyokatwa, mwambie kijana atafute ile nzima. Na siku ya kwanza, sikiliza na mtu mwenye anajua Lingala ya Kinshasa vizuri: dada aliyeolewa kule, mzee aliyefanya jeshi, ao mchuuzi wa kupanda na kushuka na ndege. Simamisha wimbo kila anapocheka, umuulize amecheka nini.