Kiondo cha Ukambani

Msomaji, huenda umepata kuona katika nyumba ya jamaa yako blanketi nene lililofumwa kwa uzi wa sufu na sindano yenye kulabu. Yako mablanketi ya namna hiyo ambayo sura yake ni ya kikapu. Mfumaji huipitisha kulabu yake kwa upande wa mbele wa nguzo za safu iliyotangulia, mara nne au tano, kisha huipitisha kwa upande wa nyuma mara kadha wa kadha hizo hizo. Na baada ya safu chache huugeuza mpango huo, palipokuwa mbele pakawa nyuma. Hapo hutokea miraba inayoinuka na miraba inayobonyea, na jicho hudhani kuwa kamba pana zimepishana, hii juu na ile chini. Lakini hakuna kamba zilizopishana. Ni uzi mmoja tu uliojipinda. Blanketi limeiga kikapu.

Ikiwa ufundi mmoja umependa kuvaa sura ya ufundi mwingine, yafaa tuulize habari za ule ulioigwa. Hatuna haja ya kwenda mbali. Kambu ni mji mdogo wa Makueni ulio kando ya barabara kuu iendayo Mombasa, kati ya Kibwezi na Mtito Andei. Nchi ile ni ya jua kali na mvua chache, na mibuyu husimama humo kama wazee wa baraza. Katika nchi hiyo, na ng'ambo yake huko Kitui, ndimo wanawake wa Kikamba walimosuka kiondo tangu zamani zisizo na tarehe. Wao wenyewe hukiita kyondo, na vikiwa vingi, syondo.

Zamani nyuzi za kiondo zilitoka porini. Gamba la ndani la mbuyu lilibanduliwa, likapondwa na kulainishwa, nao mti haukufa, kwa kuwa mbuyu huota gamba jipya. Mwanamke aliketi, akaweka nyuzi juu ya paja lake, akazisokota kwa kiganja hata zikawa kamba nyembamba iliyo imara. Kisha alianza kusuka kutoka kitako. Nyuzi za kusimama zilikutanishwa katikati, na nyuzi mbili za kuzunguka zikazikumbatia moja moja: mmoja ukipita mbele, wa pili ukipita nyuma, halafu zikipishana kabla ya kuufikia uzi uliofuata. Hivyo kazi ilizunguka na kupanda, na nyuzi mpya za kusimama ziliongezwa ili kiondo kitanuke, mpaka kilipofika mdomoni. Hapa, msomaji, mpishano si wa kudanganya jicho. Ukikata uzi mmoja, mwenzake ungali unashika. Ndiyo sababu kiondo kiliweza kubeba mtama, kunde, mbaazi na viazi kutoka shambani, kikining'inia mgongoni kwa ukanda uliopita kichwani.

Kazi hii haikutengewa saa yake. Mwanamke alisuka akitembea kwenda sokoni, akichunga mbuzi, au akizungumza na wenzake kivulini. Alisuka katika vipande vya wakati vilivyobaki baada ya kazi nyingine zote. Kwa hiyo watu wengi walikiona kiondo kila siku wasione kazi iliyomo ndani yake.

Hata vitabu vya historia havikuiona sana. Vinatueleza kwamba katika karne ya 19 Wakamba walikuwa wafanya biashara mashuhuri, waliopeleka pembe za ndovu mpaka Mombasa. Vinamtaja Kivoi wa Kitui, aliyempokea mmisionari Johann Ludwig Krapf mwaka 1849, mwaka ule ule Krapf alipouona mlima Kenya akiwa huko Kitui. Habari hizo ni za kweli na zafaa kukumbukwa. Lakini msafara hauendi kwa pembe za ndovu peke yake. Watu hula njiani, na nyumbani wanaobaki hula pia. Chakula hicho kilivunwa, kikabebwa na kuwekwa, na chombo cha kukibebea kilitoka katika mikono ya wanawake ambao majina yao hayakuandikwa.

Mwaka 1898 na 1899 njaa kubwa iliingia Ukambani. Wakamba waliiita Ngomanisye, yaani njaa iliyoenea kila mahali. Ilikuja wakati reli iliyoanzwa Mombasa mwaka 1896 ilipokuwa ikijengwa kuelekea Nairobi, iliyofikiwa mwaka 1899. Watu wengi walikufa, na wengine walihama kutafuta chakula kwa majirani. Tangu hapo na hata kabla yake, ukame umekuwa mgeni anayerudi katika nchi hiyo, nao umewafunza watu jambo moja: mahindi yaweza kukauka shambani, lakini ujuzi wa mikono haukauki. Mwaka wa mavuno mabaya ndio mwaka wa kusuka zaidi, ili kiondo kiuzwe na chakula kinunuliwe.

Baadaye ukaja mmea mgeni uliogeuka mwenyeji. Mkonge asili yake ni Mexico. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida kuileta Tanga. Ni 62 tu iliyofika hai. Kutokana na hiyo michache mkonge ulienea Tanganyika, na mwanzoni mwa karne ya 20 ukaingia Kenya. Mashamba makubwa yalifunguliwa, na Kibwezi, jirani wa Kambu, ikawa mojawapo ya mahali pake. Lakini wakulima wadogo nao waliupanda mipakani mwa mashamba yao na kando ya matuta yaliyozuia udongo usichukuliwe na mvua. Wanawake wakaona kuwa nyuzi zake ni ndefu, nyeupe, na hushika rangi vizuri. Basi mkonge ukaingia katika kiondo kando ya mbuyu. Baadaye zikaingia hata nyuzi za sufu za rangi nyingi, zile zile zinazofumiwa mablanketi.

Hapana budi kutaja pia umoja. Wakamba wana desturi ya mwethya, yaani watu kukusanyika kufanya kazi ya mmoja wao kwa zamu. Katika miaka ya 1950 vikundi hivyo, ambavyo wengi wa watu wake walikuwa wanawake, vilichimba matuta katika milima ya Machakos. Mwaka 1952 Maendeleo ya Wanawake ilianzishwa, na vyama vyake vikafundisha kushona na kufuma. Kwa njia hizo mbili wanawake walizoea kuketi pamoja kwa kazi ya mkono, na vikundi vya kusuka viondo vikaota juu ya mizizi hiyo.

Katika miaka ya 1970 na 1980 kiondo kikapendwa Ulaya na Marekani. Kilitiwa mikanda ya ngozi, kikavaliwa begani na mabibi wa mijini. Lakini kati ya msukaji na yule bibi walikuwapo wachuuzi wengi, na kila mmoja alikata fungu lake. Kisha likaja pigo lingine: viwanda vya Asia vilitengeneza vikapu vilivyofanana na kiondo, kwa mitambo na kwa bei ndogo. Soko likapungua. Mwanamke aliyehitaji siku nyingi kusuka kiondo kimoja angeshindanaje na mtambo?

Usidhani kuwa haya yaliwapata Wakamba peke yao. Njaa ya viazi ilipoipiga Ireland tangu mwaka 1845, wanawake wa huko walifundishwa kufuma lesi kwa kulabu, kwa kuiga lesi za kale za Venice, na wengi walijipatia riziki kwa kazi hiyo. Baadaye lesi za mitambo zikaja sokoni na kuwanyang'anya wanunuzi. Waona basi kwamba waigaji nao waliigwa. Kuiga peke yake si dhambi. Ndiyo njia ambayo ufundi husafiri. Dhuluma huanza pale anayeiga anaposhiba, na aliyebuni akasahauliwa.

Sheria imejaribu kuitazama dhuluma hiyo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inautambua utamaduni kuwa msingi wa taifa na kuiamuru serikali ilinde maarifa ya asili ya wananchi. Mwaka 2016 ikapitishwa sheria ya kulinda maarifa hayo. Na tarehe 28 Agosti 2017 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku Kenya, na watu wakaanza tena kutafuta kikapu cha kwenda nacho sokoni. Chombo kilichodhaniwa kuwa cha bibi zetu kikaonekana kuwa na kazi hata leo.

Lakini sheria haisuki. Ujuzi huu hukaa katika vidole, na vidole hufundishwa na vidole vingine. Wahenga walisema, mwacha mila ni mtumwa. Kwa hiyo, msomaji, utakapokiona kiondo kimetundikwa ukutani nyumbani kwenu, kishushe. Tazama kitako chake, mahali nyuzi za kwanza zilipokutana, uhesabu mizunguko michache kuelekea mdomoni. Kisha umwulize mama au bibi yako ni nani aliyekisuka, na kwa siku ngapi. Jina atakalokutajia huenda halimo katika kitabu chochote. Liandike.